Rangi za Fundi Opiyo

Kwa miaka kumi na minne Fundi Opiyo wa Kaloleni aliuza sindano za gramafoni huku akificha siri ambayo hata mkewe hakuijua: macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani. Zote aliziona rangi ya tope la ziwani. Aliwahi kula nyanya ambazo hazijaiva mbele ya wageni, kwa heshima zote, akazisifu.

Na sindano hutambulika kwa rangi tu, maana unene wa ncha jicho haliupimi. Nyekundu ni nyembamba, ya santuri ndogo. Kijani ni nene, ya zile nzito za zamani. Ukiiweka kwenye santuri ndogo, huilima kama plau. Opiyo alizipanga kwenye sponji, nyekundu kushoto, kijani kulia, na dunia ikaenda vizuri hadi Jumamosi moja ya mwaka 1986, kuku alipopanda mezani bila hodi akazimwaga zote.

Kabla hajamaliza kuziokota, akaingia Nasipwondi kutoka Manyatta, gramafoni kichwani, santuri ndogo kifuani ndani ya leso. Marehemu mumewe alirekodi wimbo mmoja tu maishani, na nakala iliyobaki ilikuwa hiyo. Kesho yake mwaka ungetimia tangu azikwe, na jamaa wangekuja kumsikia.

"Nitilie sindano mpya, Fundi. Tuijaribu hapa hapa."

Opiyo akainua sindano mbili dirishani kwa uso wa daktari. Tope na tope.

"Unaziombea?"

"Nazipima, Mama."

"Na jasho hilo?"

Akilini Opiyo akawaona jamaa wa kesho wameketi kimya, wakisikiliza mkwaruzo badala ya mtu. Akazishusha sindano.

"Mama, nyekundu ni ipi?"

"Unanitania?"

"Sizioni rangi hizo. Tangu kuzaliwa."

Nasipwondi akamkagua toka juu hadi chini. "Kumbe hiyo suruali hukukusudia?"

"Ina nini?"

"Nyekundu kama moto, Bwana! Na shati la kijani! Hadi kule Manyatta tulidhani ni maringo."

Akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso, kisha akamwekea sindano moja kiganjani. "Hii."

Opiyo akaitia kwenye gramafoni, akaishusha juu ya santuri, na gitaa likaja polepole, kama mawimbi madogo yanayogusa mchanga na kurudi. Ndani ya santuri marehemu akakohoa kidogo, akaimba. Vumbi likaelea kwenye mwanga, na Nasipwondi, macho ameyafumba, akaanza kuitikia mahali palipoachwa wazi kwa ajili yake.

Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyeinua sindano. Waliiacha santuri izunguke.