Toleo la Mwisho Kwenye Mkono wa Gauni

Majirani walimbandika mzee mmoja jina la Toleo la Mwisho, na kila wakilitaja hucheka mpaka basi. Maana mzee wa watu, mpangaji herufi wa zamani gazetini, hakuchoka kusimulia: siku mwenye gazeti alipotangaza kulifunga, wafanyakazi walijifungia ndani ya chumba cha mitambo wakachapa toleo lao wenyewe, majina yao ukurasa wa kwanza. Ushahidi? Hata kipande! Sasa binti yake kaandika historia nzima ya gazeti lile, na mchapishaji kamwambia waziwazi: nakala ya toleo hilo isipopatikana leo kufikia saa sita mchana, sura ya mwisho inaondolewa.

Saa nne alipita kwa shangazi yake, fundi cherehani, kuchukua gauni tu. Shangazi akashusha furushi la vipimo vya kukatia nguo alivyovikata kwa magazeti makuukuu. Lo! Kwenye kipimo cha mkono kulikuwa kumeandikwa kwa herufi nene: TUMEFUNGIWA, HATUJANYAMAZA.

"Shangazi! Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kabati la baba yako, wapi tena? Karatasi zilikuwa adimu. Usimwambie!"

"Miaka yote hii anaitwa mwongo, na wewe unalikatia magauni?"

"Mimi nasoma magazeti, mwanangu? Mimi nakata!"

Binti akampigia baba simu. Mzee alifika akihema, kandambili mguu huu, kiatu mguu ule, akamwona dada yake na furushi, akaelewa. "Kumbe mwizi ni wewe!" Lakini furaha ilimzidi hasira. Wakapanga vipande mezani, mikono, ukosi, mgongo, hadi ukurasa ukakamilika. Binti akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, juu mpaka chini. Akarudia.

"Baba, mbona wewe humo?"

"Simo," mzee akajibu bila wasiwasi. "Nafasi ilibaki ya jina moja tu, langu. Ndipo nikakumbuka msichana wa kupika chai. Hakuna aliyemhesabu. Nikalitoa langu, nikaweka lake."

"Akasemaje?"

"Alilia, kisha akanigombeza wiki nzima. Nikaona huyu simwachi."

Binti akainama kuusoma mstari wa mwisho. Lilikuwa jina la marehemu mama yake, limeandikwa kamili.