Ukurasa Uliobaki

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, Mama Mukasine alimmwagia binti yake Estelle poda kichwani mpaka akawa mweupe pe, kisha akacheza mbele ya nyumba hadi kitenge kikataka kumdondoka. Estelle alikuwa amepata asilimia sitini na moja. Damien Karangwa, kijana wa jirani, alipata sabini na nne, na kwa kuwa hakuwa na mama wa kumshangilia, Mukasine alimmalizia kopo lililobaki. Kijiji kizima cha Burungu kilisema hawa wawili watasoma hadi wachoke wenyewe.

Wiki tatu baadaye kitumbua kiliingia mchanga. Chuo kikuu walichokichagua kule Goma, Estelle udaktari na Damien kilimo, kilitaka dosye kamili, yaani faili la maombi, kabla ya Jumamosi, pamoja na buletini za maksi za mwaka wa tano na wa sita. Za mwaka wa sita walikuwa nazo. Za mwaka wa tano ziliungua ndani ya nyumba zao, katika likizo iliyofuata mwaka huo, vita vilipopita Burungu. Tumaini lilikuwa moja tu: palmarès, kitabu kikubwa cha maksi ambacho prefe, mkuu wa shule, hukifungia kabatini. Kutoka kwenye kitabu hicho prefe angeweza kuandika buletini upya.

Damien aliitaka kadi ya mwanafunzi kuliko hata hayo masomo yenyewe. Kwenye vilima vile, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na shule hakosi watu wa kumpa bunduki. Walikuwa wameshamuulizia mara mbili, pale kwenye kizuizi chao cha barabarani.

Basi Alhamisi asubuhi wakapanda kwenda shuleni, saa mbili za mguu. Vijana walitangulia wakibishana kama Goma mtu anaweza kupanga chumba karibu na chuo. Mukasine alifuata nyuma na Biblia kwapani, na hakuna aliyemuuliza anakwenda kufanya nini. Alikuwa anaogopa. Kitabu hakikuwamo kabatini, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana aliyekimaliza ni yeye.

Walipokimbia vita walilala siku tisa katika ofisi ya prefe, familia nne chumba kimoja. Mvua haikukata. Wengine walishapasua madawati yote kuwa kuni, na kuni za Mukasine zilikuwa za mikaratusi mibichi iliyolowa, hazishiki moto hata uzipulize hadi macho yatoke. Watoto wanalia njaa, maharage yamo sufuriani na maji baridi. Ndipo alipofungua kabati. Wala tusimtafutie kisingizio cha kutojua kusoma, kwa sababu kila Jumapili ni yeye anayesoma Neno kanisani. Alijua kitabu kile ni nini. Alichana kurasa kuanzia mwanzo, mbili mbili, akiwashia jiko barazani kabla wengine hawajaamka, siku baada ya siku. Alipofika mwaka wa tano majina yalipangwa kwa alfabeti. Ukurasa wa kwanza ulikwenda motoni, naye akauona ukienda. Wa pili ulikuwa na jina la Umurerwa Estelle. Hapo mkono ukakataa. Aliukunja akauweka ndani ya Biblia.

Prefe Polycarpe aliwapokea vizuri, akafungua kabati, akawaonyesha rafu tupu.

“Munaona wenyewe,” alisema. “Kopi ingine nilituma kwa inspection, kwa bakaguzi ba masomo, barabara ikafungwa, haikufika. Wale batu walilala humu walichoma kila kitu.”

“Batu bila akili,” alisema Estelle. “Kuchoma maisha ya bengine juu ya chakula.”

Mukasine angeweza kunyamaza. Wangerudi nyumbani, binti yake angelima maharage, na aibu ingebaki yake peke yake. Alifungua Biblia akauweka ukurasa mezani.

Prefe aliukunjua, akaupapasa kwa kidole. “Hii njo maandiko yangu. Muhuri iko.” Akaanza kusoma majina. “Muhawenimana. Rukundo. Umurerwa Estelle. Hawa nitawaandikia leo.” Kisha akageuza upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu. “Na ile ya mbele, Mama? Ya Byukusenge mpaka Karangwa?”

“Niliwashia moto.”

“Wewe?”

“Mimi, Papa Prefe. Yote. Nilibakisha hii tu.”

Estelle alimtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Prefe akachukua kalamu na fomu ya buletini, akaanza kuandika jina la Estelle, maana ndiyo kazi aliyoweza kuifanya.

Damien alikuwa amesimama mlangoni na bahasha yake ya plastiki. Ndani mlikuwa na picha nne za paspoti na ile sabini na nne yake.

“Mama,” alisema taratibu, “ile ya majina yetu, uliiwashia siku gani?”

Mukasine alitamani aseme hakumbuki. “Siku ya sita. Ile ulikuja na homa, nikakulalisha pembeni ya batoto.”

Nje mtu alikuwa akifukuza mbuzi kwenye uwanja wa shule.

“Nakumbuka,” alisema. “Nilikula sahani mbili.”

Kisha akaiweka bahasha ndani ya shati, akawaaga kwa heshima wote watatu, akashuka peke yake, kwa njia ile inayopita kizuizini.