Muhuri wa Makamu

Hastamaya alikataa kiti. Alisimama mlangoni pa ofisi, mkono wa kushoto umefungwa kwa shali, akasema atajieleza palepale maana miguu yake ilikuwa na tope. Rupsara Pariyar, makamu mwenyekiti wa halmashauri ya Okharbari, akatoka nyuma ya meza, akamshika bega na kumkalisha. Katika jengo lile mama wa Kidalit, tabaka linaloonwa najisi hata kuligusa, kukalia kiti cha wageni lilikuwa jambo la kutazamwa, na makarani wawili walikuja kulitazama.

"Haya, mama, sema."

"Ni kule bombani. Foleni ilikuwa ndefu, mtungi wangu ukaugusa wa Tekendra. Basi, ni hilo tu. Akamwaga maji yake yote, eti nimeyanajisi, halafu akaokota kuni."

"Lini?"

"Jumanne. Daktari kasema mfupa umevunjika."

Tekendra alikuwa binamu wa mwenyekiti wa halmashauri. Hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa mlimani pale.

"Polisi ulikwenda?"

"Polisi nikafanye nini?" Hastamaya alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. "Wataniambia nenda mkapatane. Maisha yetu yote tumewalilia watu wasiotujua. Leo binti wa mshona nguo, Mdalit mwenzetu, yuko kwenye kiti, halafu mimi nikapige magoti kituoni? Nitachekwa. Nimekuja kwako, mwanangu. Kazi kwako."

Kwa miaka kumi na mmoja Rupsara alikuwa mtangazaji wa redio ya wilaya. Kila Jumatano alisoma majina: aliyepigwa kwa kuingia hekaluni, aliyefukuzwa chumba cha kupanga mara tu alipotaja ukoo wake, bibi harusi aliyerudishwa kwao kwa kuwa mama mkwe amegundua ni Mdalit. Kila mtu aliyemhoji, Rupsara alimuuliza kwanza lini, kwa sababu sheria inatoa miezi mitatu ya kushtaki, na ikishapita, hata uje na jeraha linalotoa damu hutasikilizwa. Alipoona habari zake hazimtikisi mtu, akaanza kuandamana. Alikaa barabarani na wafiwa, akala virungu, na redio ikamwachisha kazi kwa kuwa eti mwandishi haegemei upande. Ndipo chama kikabisha hodi. Mwenyekiti akiwa mwanamume, makamu lazima awe mwanamke, na Mdalit ambaye sauti yake inajulikana mpaka jikoni alikuwa mtaji mzuri wa kura. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa, maana alikuwa amechoka kusoma majina. Kati ya watu arobaini na saba aliowataja redioni, aliyefungwa alikuwa mmoja, akatoka kabla viazi havijachimbwa.

Kama makamu, ndiye aliyeongoza kamati ya usuluhishi ya halmashauri. Kamati hiyo huamua ugomvi wa mipaka, mifereji na mbuzi waliokula mahindi ya jirani. Kosa la kumtenga mtu kama najisi kwa ukoo wake ni jinai, na jinai ni ya polisi. Rupsara alilijua hilo vizuri, alikwisha kulisema hewani mara nyingi mno. Lakini mwenyekiti, Mheshimiwa Umakanta Ghimire, alikuwa amesikia sauti, akaingia na tabasamu lake la kampeni.

"Mama akienda kituoni peke yake watamfukuza, dada Rupsara, wewe unawajua kuliko mimi. Isajili hapa. Ofisi ikiandika, polisi hawana ujanja. Nitatia sahihi barua ya kuipeleka, hata kama ni ndugu yangu. Sheria ni msumeno."

Yalikuwa maneno ya akili. Mara arobaini na zaidi alikuwa ameona mama kama huyu akitolewa mlangoni kituoni. Na tuseme ukweli wote: muhuri ulikuwa mpya, haukuwa umewahi kugonga lalamiko la Mdalit hata moja, na Hastamaya alikuwa anautazama kwa macho yaliyojaa maji. Rupsara aliugonga. Akatia sahihi. Hastamaya akaigusa karatasi kwa vidole vya mkono mzima, akaondoka akiwaambia watu wote njiani.

Sahihi ya mwenyekiti haikupatikana wiki ile, kwa kuwa alikuwa Kathmandu. Akarudi, ikaja bajeti. Bajeti ikaisha, ikaja Dasain, sikukuu kubwa ya mwaka, na nani hufungua faili wakati wa Dasain?

Siku ya tika, wakubwa wanapowabariki wadogo, mwenyekiti aliwaita madiwani wote nyumbani kwake. Walipiga magoti mmojammoja, akawabandika mchele mwekundu kwenye paji la uso, akawaombea umri mrefu. Rupsara alipofika mbele yake, mkewe mwenyekiti alimletea mchele wake kwenye jani, akaliweka chini kwa upole. "Wewe ni msomi, mdogo wangu, jibandike tu." Madiwani wakaangalia milima. Rupsara akajibandika. Alikuwa amepanga kuuliza barua siku hiyo, lakini kwa aibu, badala ya kuuliza, alisema asante. Asante hiyo inamkera mpaka leo.

"Iko mezani," alijibiwa baada ya sikukuu. "Wewe bado una haraka za redio. Serikali ni mwendo wa kobe, dada."

Ndivyo walivyomnyamazisha wote, makarani, chama, hata mumewe: usifanye kama mwandishi, wewe sasa ni serikali. Angekuwa mwandishi angekuwa ameshapiga kelele, angekwenda na kinasa sauti mpaka kwenye choo cha mwenyekiti. Makamu alingoja. Alijihesabia kwamba siku bado zipo, na kwamba lalamiko lililosajiliwa ni lalamiko lililofika. Hapo ndipo alipojidanganya, yeye aliyewafundisha wengine.

Mwishowe alichukua nakala, akapanda basi mwenyewe hadi makao ya wilaya. Inspekta alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamwita Mheshimiwa. Kisha akasoma, akafungua kalenda ya ukutani, akawa anageuza kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate.

"Leo ni siku ya tisini na sita."

"Ilisajiliwa siku ya tatu. Tazama muhuri."

"Muhuri wa kamati yako, Mheshimiwa. Kwangu ndiyo imefika leo." Hakuonekana kufurahi. "Wiki iliyopita tu ningeipokea. Mikono yangu imefungwa."

"Wa kwangu umevunjika," alisema Rupsara, kama yeye ndiye Hastamaya, kisha akachukua karatasi yake.

Kutoka hapo alikwenda redioni. Nabaraj, kijana aliyemfundisha kazi, siku hizi ndiye mhariri. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Dada, nikuulize kama ulivyonifundisha?"

"Uliza."

"Lalamiko lilipokelewa na nani?"

"Na mimi."

"Mwenyekiti kaandika wapi kwamba atalipeleka?"

"Hakuandika. Alisema."

Nabaraj aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. "Nikiitangaza hii, anayeonekana humu ni wewe peke yako. Watasema Wadalit wamepewa kiti, wakalalia kesi ya mwenzao."

"Itangaze."

Aliitangaza, na ikawa hivyohivyo. Chama kikatoa taarifa kwamba makamu alivuka mamlaka yake bila kushauriana. Mwenyekiti alihojiwa, akasema kwa huzuni kubwa kwamba watu wapewe muda wa kujifunza uongozi. Tekendra hakuulizwa kitu. Madukani wakawa wanacheka: cherehani na ofisi wapi na wapi.

Ilimchukua Rupsara siku nne kupata moyo wa kwenda kwa Hastamaya. Alimkuta uani akipepeta mtama kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza tumboni. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa bado na wino.

"Watu wa Tekendra wamekuja jana na karatasi ya upatanisho," alisema Hastamaya kabla ya kuulizwa. "Nimeweka dole. Tunarudishiwa bomba walilotukataza tangu siku ile, ila tuteke wenzetu wakishamaliza."

"Mama, nimekuponza. Ningekushika mkono siku ileile nikupeleke polisi. Nilijua. Nilijua kabisa."

"Najua ulijua. Nilikuwa nakusikiliza redioni."

Rupsara alilia pale chini, bila kujificha. Hastamaya aliweka ungo kando, akamfuta uso kwa ncha ya shali, taratibu, kama wanavyofutwa watoto.

"Usilie, mwanangu. Sikukasirikii. Kupigwa nimepigwa tangu utotoni." Akairudisha shali begani. "Ila zamani tulikuwa tunashindwa na wao. Hiyo tulishaizoea."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.