Washika Kanga

Zubeda alimpoteza mama yake kabla hata hajaanza shule, na hakubakiwa na picha yake hata moja. Sura yenyewe ilishamtoka. Juzi binti yake Lulu, ambaye ni mjamzito, alimuuliza bibi alikuwaje. Ndipo Zubeda alipoichukua picha yake ya utotoni, aliyopigwa Sikukuu ya Idd uani kwao Kiwalani, akaenda nayo Temeke kwa Mzee Mbwana, aliyeipiga, huenda yeye anamkumbuka mama.

Watoto wa siku hizi raha ile hawaijui. Siku ya Idd Mbwana alipita nyumba kwa nyumba na kamera shingoni, akikuta watoto wamepakwa poda kama maandazi ya sukari. Studio ilikuwa popote: wanawake wawili wanashika kanga huku na huku, ukuta wenye ufa unafichika, mtoto anasimamishwa mbele. Basi, ushakuwa mtu wa mjini!

"Shikamoo, Mzee Mbwana."

"Marahaba. Lete nione." Akaitazama, akamrudishia. "Wewe unajiangalia mwenyewe tu hapo katikati. Hebu anzia pembeni."

Zubeda akaanzia pembeni. Picha hiyo aliijua, gauni mpaka viatu. Leo tu ndipo alipoona, juu kabisa kwenye pindo la kanga, ncha za vidole vyenye hina.

"Nani huyu?"

"Nani tena? Mama yako. Hakukubali mtu mwingine akushikie kanga."

"Mbona mwenyewe hayupo?"

"Nilimkata na mkasi," alisema mzee, bila haya hata kidogo. "Nilikuwaga nawakata wote. Nani anunue picha ya washika kanga?"

Zubeda alitamani kumtukana, shikamoo yake aimeze. Lakini mzee alishaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti lililojaa negativu. Mkasi ulikata karatasi, filamu ilibaki nzima. Wakazipitia dirishani, moja baada ya nyingine, mpaka wakaipata. Kila kitu kilikuwa kinyume, meno meusi, uso mweupe kama moshi. Zubeda akaipiga picha kwa simu, akazigeuza rangi, akaikuza.

Mama alikuwa pembeni, mikono juu. Kamera hakuwa na habari nayo. Alikuwa anamtazama Zubeda, anacheka mdomo wazi, mtandio umemwangukia begani.

Machozi yalimtoka Zubeda bila kuomba ruhusa. Miaka yote alimuwaza mama kama mtu mzima, mkubwa kuliko yeye. Huyu alikuwa msichana tu, mashavu bado ya kitoto, labda amempita Lulu mwaka mmoja au miwili. Akafungua mdomo amwite mama, neno likagoma.

"Mwanangu," alisema, kidole kikiwa juu ya shavu lile. "Mwanangu, kumbe ulikuwa mdogo hivi."