Mashahidi wa Sura ya Nne

Saa tatu na robo asubuhi, Binti Dobi aliingia kutetea tasnifu yake, mama yake akimfuata nyuma. Alikwisha kuanguka mara mbili, na chuo kile hakikuwa na mara ya nne. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Tasnifu ililinganisha riwaya mbili za kisayansi. Katika ya kwanza, daktari anamwekea mwashi moyo wa chuma, kisha mwishoni anampigia magoti kuomba radhi. Katika ya pili, mtaalamu anamlaza mpishi usingizi wa miaka kumi na tano, anapata dawa aliyokuwa akiitafuta, kisha hana habari tena na mpishi. Wahakiki wote walimsifu yule daktari kwa uungwana. Sura ya nne ilisema wawili hao ni wale wale, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kwanza.

Mwenyekiti wa jopo, ambaye ndiye pia mkuu wa maabara ya chuo, alikuwa na swali moja lililowatoa wanafunzi kijasho chembamba: "Nani kasema?" Kila dai lilitakiwa liwe na shahidi na ukurasa. Swali hilohilo ndilo lililomwangusha Binti Dobi mara zote mbili.

"Wenyewe," alijibu safari hii, akazifungua riwaya zote mbili mezani.

Mwashi alitoka ukurasa wa tisini, akijipangusa saruji. Mpishi akafuata, akipiga miayo. Kama unadhani kuna aliyeshtuka, basi hukijui chuo kile. Katibu wa jopo alileta viti, akawamiminia maji wao na mama, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni kama mgeni.

"Aliniomba radhi vizuri, mpaka nikalia," alisema mwashi, kifua chake kikigonga kama saa ya ukutani. "Lakini kuuliza, hakuniuliza."

Mpishi alieleza kwamba alimwacha mwanawe anatambaa, akaamka akamkuta na ndevu. Kuulizwa? Hata salamu hakupewa.

Mama hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. Alikuwa amefua makoti ya maabara miaka ishirini, na tangu siku walipomletea sabuni mpya ya unga bila maelezo, viganja vyake viligeuka kioo. Aliviweka juu ya sura ya nne, na jopo zima likaisoma kupitia humo, bila hata herufi moja kufichika.

"Na mimi sikuulizwa, mheshimiwa," alisema.

Mwenyekiti aliandika: ushahidi wa mdomo, umekubalika. Kisha akatangaza kwamba mtahiniwa amefaulu, tena kwa daraja la juu kabisa. Alifurahi kwa dhati, akampa mkono.

Basi hapo usiseme! Mama alipiga vigelegele mpaka madirisha yakatetemeka. Binti Dobi alilia bila haya. Mwashi alimbeba juu juu, mpishi akatangulia kufungua milango, wakashuka ngazi wakiimba, na ofisi zote zikatoka kuwapigia makofi.

Huku nyuma, katibu alivaa glavu akakusanya glasi tatu, maana yale maji yalikuwa bado kwenye majaribio ya maabara. Ya mwashi na ya mpishi alizibandika namba mpya. Ya mama haikuhitaji. Namba yake ilikuwapo tangu enzi za sabuni.