Vitu Kumi Chini ya Kitambaa

Mimi ni fundi cherehani, na tusidanganyane, nusu ya kazi yangu ni kuficha. Mteja ana bega moja lililoshuka, namwekea kipande cha sponji ndani ya koti, anatoka dukani amenyooka. Kitambi nakificha, mgongo uliopinda naukatia kitambaa kwa namna yake. Watu wananisifu, nami nimezoea kusifiwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa hasifii kitu. Akinikuta nampima mtu husema, "Haya, fundi, mdanganye na huyo."

Yeye alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka ishirini na sita, na wenzake walimwita Kamera. Jina hilo alipewa na daktari mmoja aliyekuwa hapendi kusema akiwa kazini. Daktari ananyoosha mkono tu, na mke wangu anamwekea kiganjani kitu kinachotakiwa, mkasi, koleo au sindano yenye uzi, bila kuangalia chini. Meza alikuwa ameshaitazama mara moja, na hiyo ilimtosha. Mtu akisogeza koleo moja, anajua. Kwa kumpenda nilimpenda, lakini kuishi naye ilikuwa mateso, maana huwezi kuhamisha kikombe bila kuulizwa.

Kisha kiharusi kikampata, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Kilimwonea huruma kidogo. Mkono ulirudi, mdomo ukanyooka, na ule ulimi wake mkali ndio uliotangulia kupona. Kilichoharibika ni kitu ambacho hata jina lake sikulijua. Alikuwa anaona vizuri, ila akigeuka, alichokiona kinafutika. Anafungua kabati, anaiona chumvi, anageuka kuangalia sufuria, na akirudi kabatini anaanza kutafuta upya. Barabarani anaangalia kulia, anaangalia kushoto, na papo hapo ya kulia yameshamtoka, inabidi arudie. Mambo ya zamani aliyakumbuka yote, pamoja na makosa yangu ya mwaka tuliooana.

Hospitali haikumtupa. Sista Mkuu wa upasuaji, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alimpa miezi minne apumzike na afanye mazoezi. Baada ya hapo angepimwa mbele ya meza ya vifaa. Akiweza, arudi chumbani kwake. Asipoweza, atapewa kiti kwenye chumba cha mafaili mpaka astaafu. Mke wangu aliposikia neno mafaili alinitangulia mbele njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, "Fundi, wakinitoa chumba kile, mimi sitakuwa mtu tena. Nakwambia mapema, usije ukashangaa."

Mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, alitupa karatasi yenye maelekezo.

"Chukueni sinia," alisema, "wekeni vitu kumi vya nyumbani. Mama aviangalie nusu dakika, kisha baba ufunike kwa kitambaa, naye avitaje na aseme kila kimoja kilikuwa wapi. Ila vitu vibadilishwe kila siku. Mtu akirudia sinia lile lile, anakuwa hodari wa sinia lile, basi. Huko kwingine hakumsaidii kitu."

Alipiga mstari mara mbili chini ya "kila siku". Niliudhika. Nikamwambia mimi nilishaanza kupima watu yeye hajazaliwa, maelekezo nayaelewa.

Tulianza jioni ile ile. Siku ya kwanza alipata vitu vitano. Ya pili nikaweka vingine kabisa, akapata vinne. Wiki ikaenda hivyo, vinne, vitano, vinne. Kisha ikaja Jumanne aliyopata viwili. Alitaja kijiko na ufunguo, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu, akakunja mikono mapajani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema polepole, "Miaka yote ile watu wamelala mbele yangu, wameniamini," akaenda kitandani jua halijazama.

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile sikuwa na wa kumkasirikia. Jumatano nikapanga vitu vya Jumanne, nikabadilisha viwili tu. Nilijiambia ni ngazi, hakuna mtu anayepanda ghorofa kwa kuruka. Akapata sita, akatabasamu, mara ya kwanza tangu augue. Alhamisi nikabadilisha kimoja, akapata saba. Wiki iliyofuata sikubadilisha kitu. Kijiko, ufunguo, kitana, betri, kifungo chekundu, kibiriti, sabuni, kalamu, ndimu na kipande cha chaki yangu ya kuchorea nguo, kila kimoja mahali pake pa jana. Nilikuwa nampa mgongo wakati wa kupanga, nafungua droo na kuzifunga kwa kelele, ili ajue natafuta vitu vipya.

Jioni moja, kabla sijafunika, alikunja uso.

"Huu ufunguo," alisema. "Jana si ulikuwepo?"

Ningeweza kuokoa mambo yote pale pale. Badala yake nilicheka. "Ufunguo? Jana ulikuwa mkasi, mama. Umeanza kuota."

Akalitazama sinia, akanitazama mimi. "Mkasi?"

"Mkasi."

"Haya," akasema. Hakubisha, yeye aliyekuwa akinibishia hata tarehe. Siku nyingine aliuliza habari ya ndimu, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo akawa haulizi tena kama kitu kilikuwepo jana. Aliuliza mengine. "Fundi, nimeshaweka chumvi?" "Fundi, mlango nimeufunga au naona tu hivyo?" Hata kitu kilicho mbele ya macho yake alikishika kwanza ndipo akakiamini. Mimi nilidhani ni ugonjwa. Kwenye sinia alipata kumi juu ya kumi, na siku ya kwanza kupata kumi alinikumbatia tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Binti yetu, mwalimu wa hesabu, alikuja kututembelea ikiwa imebaki wiki tatu mama yake apimwe. Mama yake alimwonyesha kumi zake kwa majivuno yote. Binti akapiga makofi, kisha akaomba naye apange. Akatoa vitu mkobani mwake, pete, tiketi, kioo, kifutio, hivi na vile. Mama yake akapata vinne.

"Amechoka," nikasema haraka. "Leo amefua."

Binti akanifuata jikoni. "Baba, wewe unambadilishia vitu?"

"Nambadilishia."

"Baba."

"Usinifundishe kuishi na mke wangu!"

"Unampaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Siku ya siku wewe hutakuwepo na sinia lako."

Nilimfokea maneno ambayo sitayarudia hapa. Akaondoka kabla ya wakati wake. Lakini alikuwa ameniingiza baridi, na kesho yake nikapiga moyo konde, nikaweka vitu kumi vipya, vya kweli. Alipata vitatu. Nikauona uso wake ukishuka vilevile kama Jumanne ile, na mdomo ukaanza kuvutika upande mmoja, nikaogopa kiharusi kinarudi. Nikasema kwa sauti ya furaha, "Hili lilikuwa gumu makusudi, nakutania tu!" Siku iliyofuata kijiko kikarudi mahali pake. Huo ndio woga wangu, na sina pengine pa kuuweka.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Alivaa sare yake, akatembea kwenye korido ile kama mwenye nyumba aliyerudi safari, na wasafishaji, madereva, kila mtu anamwita, "Kamera! Kamera amerudi!" Sista Mkuu akaniruhusu nikae kwenye kiti kando ya mlango. Ndani kulikuwa na meza, vifaa kumi na viwili juu ya kitambaa cha kijani, na wauguzi wawili vijana waliokuja kumwona mtu ambaye walikuwa wamesimuliwa habari zake.

"Sista, ukiwa tayari," Sista Mkuu alisema kwa heshima. Hata siku hiyo aliona haya kumpima mwalimu wake.

Mke wangu akaitazama meza nusu dakika. Wakafunika. Nikajikaza kisabuni, mikono nimeikalia.

"Kisu, kushoto kabisa," alianza. "Mkasi mkubwa kando yake. Mkasi mdogo. Koleo mbili, zimelala pamoja." Sauti ilikuwa ya zamani, kavu, haina mchezo. Muuguzi mmoja akamkonyeza mwenzake. "Bakuli. Halafu koleo iliyopinda, pale, nyuma ya bakuli." Akasita. "Hapana. Haikuwepo." Akaweka vidole kwenye paji la uso. "Au ilikuwepo?"

Ndipo akageuka. Aligeuka mbele yao wote, akanitafuta kwa macho pale mlangoni, mimi fundi wa nguo ambaye koleo ya hospitali sijawahi hata kuishika, akaniuliza, "Fundi, ilikuwepo?"

Kutoka nilipokaa niliiona meza tangu haijafunikwa, na koleo iliyopinda nilikuwa nimeiona. Sista Mkuu akaniangalia kwa jicho la kunikataza. Nikainamisha kichwa. Mke wangu alisubiri jibu langu, alipoona halitoki akakigeukia tena kile kitambaa, na kwa meza ile hakutaja kitu kingine. Sista Mkuu akamshika mkono, akasema, "Tupumzike, Sista, turudie." Wakarudia na vifaa vingine. Kila alichokitaja, alikikana papo hapo.

Tulirudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake na sare yake, na mimi nikasimama kwa sababu sikuona haki ya kukaa.

"Mbona hapa nilikuwa napata kumi?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu ile Jumatano, droo nilizofungua kwa kelele, kila kitu. Alisikiliza akiangalia sakafu. Nilitegemea anitukane, na kwa kweli nilitamani anitukane.

"Ule ufunguo," alisema mwishoni. "Nilikuuliza kama ulikuwepo jana yake."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Na ndimu?"

"Na ndimu pia."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Kwa hiyo nilikuwa naona," alisema. "Kidogo, lakini nilikuwa naona. Na ile koleo leo niliiona."

"Uliiona, mke wangu."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, lakini nilipomsogelea alinyoosha mkono nisimame nilipo.

"Ungeniacha nishindwe, baba watoto," alisema. Hakuniita fundi. "Kila siku, hata mwaka mzima, ungeniacha nishindwe humu ndani. Wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa siogopi kushindwa mbele yake."

Kesho yake asubuhi aliandika barua ya kuacha kazi, akaisoma mwenyewe mara tatu, akaikunja. Nilichukua koti langu niende naye. Aliniambia niliache, akatoka peke yake.