Kikohozi cha Hamo

Hamo alikata roho asubuhi, na mkewe Hawisa hakulia. Alimfunika blanketi mpaka kidevuni kama mgonjwa, akamsihi mama mkwe wake, bibi Gunnora, naye asilie. Kwao mkulima akifa, bwana mwenye ardhi humchukulia mnyama wake aliye bora. Wizi huo uliitwa desturi. Wao walikuwa na ng'ombe mmoja tu, na mtoto mchanga aliishi kwa maziwa yake, maana matiti ya Hawisa yalikauka tangu njaa ilipoingia. Ilibidi ng'ombe avushwe mto, kwa dada yake Hawisa, kabla msiba haujajulikana.

Hajafungua hata kamba ya ng'ombe, mnyapara Wymark akabisha mlangoni.

"Shemeji! Hamo yuko wapi? Shayiri ya bwana inamngoja."

"Ana homa, shemeji." Akaushikilia mlango usifunguke zaidi.

"Homa, homa! Siku ya kazi ya bure kijiji kizima kina homa. Huko ng'ambo ya mto wamechoma ghala la bwana wao kwa kuwa alichukua ng'ombe wa mjane. Sasa bwana wetu halali usingizi, na mimi hanilazi. Mwambie akohoe basi, nimsikie."

Hawisa aligeuka kuangalia ndani.

Ndipo ndani kikasikika kikohozi. Kizito, cha kiume, cha kutoka tumboni. Bibi Gunnora alikuwa amepiga magoti kando ya mwanawe, anamkoholea.

Wymark alitega sikio. Yeye na Hamo walikua pamoja, wakaiba matufaha pamoja. Kikohozi cha rafiki yake alikijua. Hiki hakikuwa chake.

"Haya, nimemsikia!" akasema kwa sauti ya kufika njiani. Kisha akanong'ona, "Nina watoto, shemeji. Jioni nitaulizwa, na nitasema kweli."

Akaenda zake. Hawisa alikimbilia ndani. Bibi alikuwa bado anakohoa, lakini kikohozi kilishaanza kugeuka kilio, na njiani wavunaji wa bwana walikuwa wakipita. Hawisa akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka akang'atwa.

"Si sasa, mama. Tutamlilia ng'ambo."

Bibi aliutoa ule mkono. "Ng'ambo wanakochoma maghala?"

"Huko huko. Mbebe mtoto."